Mwaka wa Karatasi Safi

Kulwa alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa kazini masjala, na nilipokea bila kutazama namba kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeshika mafaili. Hakujitambulisha. Alisema, "Katibu, Mwalimu Minza tumeshamzika. Tulikutazamia." Ilikuwa imepita miaka kumi na moja bila mtu yeyote kuniita Katibu, lakini niliijua sauti ile kabla hajamaliza neno. Nikasema nilipata udhuru. Nikasikia nyuma yake mashine ya kukata vyuma ikilia na kuzimika. "Haya," akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo tunapiga mishale ya kumkumbuka, pale pale Buhongwa. Wapigaji wapo. Mtu wa kuandika alama hatuna." Kisha akaniaga kwa adabu, kama unavyomuaga mtu wa ofisini. Ukweli ni kwamba habari za msiba nilikuwa nimezipata mapema, na sikuwa na udhuru. Siku ya maziko nilikaa kitandani kwangu hapa Shinyanga tangu alfajiri, nimevaa gauni jeusi nililolipiga pasi mara tatu, viatu miguuni, nikitunga sentensi ya kumwambia Kulwa nikimwona. Niliitunga, nikaifuta, nikatunga nyingine, mpaka basi la mwisho ambalo lingewahi ibada likawa limeondoka. Sentensi sikuipata. Naiandika hapa kwa urefu kwa kuwa kwa ufupi imenishinda.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ya nyumbani kwetu siyaweki hapa, maana hayana lawama yoyote katika jambo hili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimepanga chumba Kiseke, nasubiri chuo, na kwenye ubao wa matangazo wa parokia nikaona karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: chama cha taifa cha mchezo wa upinde na mshale kinatafuta katibu wa kujitolea, awe na mwandiko mzuri, chakula cha mchana kipo. Nilidhani kitu cha taifa kitakuwa na jengo. Kumbe makao makuu yalikuwa mahali popote alipo mwenyekiti, na mwenyekiti wa mwaka ule alikuwa Mwalimu Minza, mama aliyestaafu ualimu wa michezo, na kwa hiyo upinde wa nchi nzima ulikuwa chumba kimoja Mkuyuni, nyuma ya duka la fundi cherehani. Unapita katikati ya mashine mbili na rundo la sare za shule, unainama chini ya kamba ya nguo zilizokwisha shonwa, ndipo unauona mlango. Ndani kulikuwa na meza, viti vitatu, kabati la chuma ambalo mlango wake haukubali kufunga mpaka uukandamize na karatasi iliyokunjwa, na ukutani pinde saba zilizotundikwa kwenye misumari, kila mmoja umevikwa mfuko ambao fundi alikuwa ameushona kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Kona ya kushoto zilikaa shabaha zetu. Zilikuwa magunia yaliyoshindiliwa nyavu chakavu kutoka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kwa sababu nyavu zikishindiliwa vizuri hukamata mshale bila kuupinda. Jua likipanda chumba kizima kilinuka samaki. Paka wa Mkuyuni walikuwa wanakuja kukaa mbele ya yale magunia kwa heshima, wanasubiri.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema siku ya kwanza.

"Marahaba. Andika jina lako hapa." Akanisogezea karatasi. Nikaandika. "Andika tena." Nikaandika. Akayaweka yale majina mawili karibu na miwani yake, akayatazama, akanitazama. "Editha. Mbona yote ni moja? Umepiga chapa?"

"Nimezoea, Mwalimu."

"Haya," akasema. "Tutaona."

Sasa najua kwamba lile halikuwa neno la sifa. Wakati ule nililibeba hadi Kiseke kama zawadi. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Shuleni nilikuwa namaliza madaftari matatu kwa kazi ya daftari moja, kwa sababu herufi moja ikikosewa nachana ukurasa, na ukurasa ukichanwa mwenzake wa upande wa pili unalegea, na ukilegea nao nauchana. Sikumwambia mtu. Nilidhani watu wote nadhifu wanafanya hivyo kwa siri.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitabu cha kanuni. Kilikuwa cha Kiingereza, nakala ya nakala, kurasa nyingine zimefifia kama zimefuliwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nacho na kamusi miezi mitano, nikijifunza mchezo ambao sikuwahi kuuona, nikiugeuza Kiswahili kwenye daftari gumu. Mwalimu alikuwa anakuja saa nne na chupa ya chai ya rangi na mfuko wa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha ambavyo vinatafunika polepole kama ngozi tamu, tunavila na karanga, naye ananiuliza nimefika wapi. Nikimsomea anasikiliza amefumba macho. "Mpigaji hataugusa mshale, wala karatasi ya shabaha, kabla alama hazijaandikwa." Anatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo yenyewe. Isome tena." Mchezo huu, aliniambia, hauna refa wa kukimbia na filimbi mdomoni kumfuata mtu. Mnapiga mishale yenu sita, mnakwenda wote mpaka kwenye shabaha, na kila mtu anaitaja mishale yake mwenyewe kwa sauti, anaonyesha kwa kidole bila kugusa: tisa, tisa, saba. Mwenzake wa kupiga naye ndiye anaandika. Wasipoelewana, wanamwita mwamuzi, mwamuzi anatazama mara moja, neno lake ndilo la mwisho. Kosa likiandikwa halifutwi. Linakatwa mstari mmoja ili lisomeke, la kweli linaandikwa pembeni, wote wanatia sahihi. "Karatasi ikitoka uwanjani bila uchafu," alisema Mwalimu, "mimi huwa na wasiwasi nayo." Nililiandika hilo nalo kwenye daftari gumu, kwa mwandiko wangu mzuri, wala sikulisikia.

Nilijaribu pia kupiga. Jioni tukienda uwanjani Buhongwa, kwenye kiwanja cha shule kando ya barabara ya Shinyanga, Mwalimu alinipa upinde mwepesi kuliko yote. Nilikuwa navuta, nafika kidevuni, halafu siachii. Nasubiri mkono utulie. Mkono haukutulia. Mabega yakaanza kutetemeka, jasho likaingia machoni, nikaurudisha upinde taratibu, mshale bado uko palepale. Wapigaji wengine wakawa wananiita Benki, kwa sababu naweka tu sitoi. Mwalimu alisimama nyuma yangu akasema, "Mwanangu, unasubiri kitu ambacho hakiji. Achia." Miezi yote ile niliachia mishale labda arobaini. Baada ya hapo nikawa mwamuzi, kwani kanuni nilizijua kuliko wote, na mwamuzi haombwi kuvuta kitu.

Kulwa hakuja kama mpigaji. Alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake mtaa wa pili, akaitwa kutengeneza miguu ya kusimamishia shabaha. Alipomaliza akauliza, "Hivi hii kamba inavutwaje?" na jioni ile hakurudi karakana. Mwenzake wa kuzaliwa naye, Dotto, alikuja kumtafuta akamkuta kwenye mstari, akacheka mpaka akakaa chini: "Watu wanatafuta geti lao, wewe unacheza mambo ya mababu!" Lakini Kulwa alikuwa na kitu ambacho sisi wengine hatukuwa nacho. Alivuta, akaachia, bila kujadiliana na mtu yeyote ndani yake. Mkono wake ulianza kutetemeka baadaye, mishale ikiwa imekwisha ondoka, kama vile woga ulikuwa umesubiri nje amalize. Kwa hiyo alipopewa kalamu kutia sahihi, sahihi yake ilikuwa vurugu. Ilianzia ndani ya kisanduku ikatoka, ikavuka mstari, ikaingia kwenye alama za mtu mwingine. Ilinikera kuliko nilivyoweza kusema. Mara moja nilimchorea kisanduku kikubwa zaidi. Akatoka nje ya hicho pia, akaniambia, "Pole, Katibu. Hiki nacho ni kidogo."

Siku moja mwenzake wa kupiga naye alimwandikia nane. Kulwa akainama, mikono nyuma, akausogelea mshale mpaka pua ikakaribia. "Saba hiyo," akasema. "Haujagusa mstari." Mwenzake akamwambia, "Wewe vipi, si nimeshakupa?" Kulwa akasema, "Umenipa ya nani?" Nami nilikuwa nimesimama hapo na lenzi yangu, sijaitwa na mtu, nikaandika tukio lile kwenye kumbukumbu za chama ingawa hakuna kanuni iliyosema liandikwe.

Mwezi wa tisa ndipo ilikuja nafasi. Chama kiliruhusiwa kupeleka mpigaji mmoja kwenye mashindano ya nje ya nchi, mmoja tu, na mshindi wa shindano letu la taifa ndiye angekwenda. Wapigaji walikuja kutoka mikoa minne. Kulwa alikuwa hajawahi kuvuka hata mpaka wa mkoa. Karakana nzima wakaanza kumwita Bwana Ndege. Alipiga picha za pasipoti, akazibeba kwenye mfuko wa shati wiki nzima, ukimuuliza habari anakuonyesha. Mama Sikujua, aliyepika chakula mbele ya duka la fundi na ndiye aliyetulisha mchana, akamwambia akifika huko amletee kijiko, kijiko tu, apate kusema ana kijiko cha nje. "Nitakuletea na uma," alisema Kulwa, na hakuwa anatania.

Shindano lilipigwa Buhongwa siku nzima. Mchana upepo wa ziwani ulifika mpaka kule, ukapeperusha vumbi la kiwanja, halafu mvua ikanyesha, nasi tukakimbilia darasani, tukarudi. Karatasi za alama zililowa, zikakauka juani zikiwa zimejikunja. Mmoja alimwagia yake chai. Zamu ya mwisho, Kulwa alikuwa anapiga pamoja na koplo mmoja aitwaye Barnaba, kijana mpole aliyekuja likizo, na Barnaba ndiye alikuwa akimwandikia. Walipofika kwenye shabaha nikasikia Barnaba anasema nane, Kulwa anasema tisa, Barnaba anasema mbona nyekundu hiyo, Kulwa anasema muite mwamuzi. Mwamuzi alikuwa mimi. Nikaja na lenzi. Mshale ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu, lakini ubavu wake ulikuwa umeula mstari wa njano, kidogo sana, upana wa uzi. Ukigusa mstari unapewa alama ya juu. Nikasema, "Tisa." Barnaba akaikata nane, akaandika tisa pembeni, akatia sahihi, nikatia yangu, Kulwa akatia yake ikatambaa mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Mwisho wa hesabu Kulwa alimshinda kijana wa Tabora kwa pointi moja. Kwa ile nane wangelingana, na kwa kanuni za shindano lile wakilingana anapita mwenye kumi nyingi. Mwenye kumi nyingi alikuwa kijana wa Tabora. Nchi nzima ya upinde, yaani sisi watu kama thelathini, tukambeba Kulwa juu juu kwenye matope.

Sasa nafika pale ambapo kila nikisimulia moyoni hutafuta njia ya kupitia pembeni. Jumatatu nilikaa ofisini na karatasi kumi na nane za alama. Zilipaswa kukaa kwenye faili la chama kama zilivyo. Nilizitazama: matope, alama ya kidole, chai, mistari iliyokatwa, ile sahihi. Nilifikiria watu wa nje wakiomba kuziona, na nikaona aibu kana kwamba ni nguo zangu za ndani zimeanikwa. Nikapiga mistari kwenye karatasi mpya. Nikanakili zote kumi na nane, namba moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia tena katika maisha yangu, na mahali palipokatwa kosa nikaandika jibu sahihi peke yake, safi. Kwenye karatasi ya Kulwa niliandika tisa. Mahali pa sahihi niliandika majina, kwa mwandiko wangu. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyeoga. Zile za zamani nikampelekea Mama Sikujua awashie jiko. "Asante mwanangu, leo mkaa una unyevu," akasema, akazikunja moja moja akazisukuma chini ya mkaa. Mchana nilikula wali na maharage ya moto ule, nikaongezewa.

Rufaa ilikuja siku nne baadaye. Kocha Sadala wa Tabora aliandika barua fupi, ya heshima: vijana wake wanakumbuka mwandishi alisema nane, anaomba kuona karatasi. Hakumtuhumu mtu. Mwalimu alinisomea akiwa anamenya karanga. "Haya, hii ni rahisi," akasema. "Itoe hiyo karatasi tumwonyeshe ilivyokatwa na kusainiwa, tunywe chai." Nikasema, "Nitaitafuta, Mwalimu." Leo mtu angekuwa amepiga picha. Sisi tulikuwa na simu za tochi. Karatasi ya shabaha yenye tundu ilikuwa imebadilishwa na kutupwa siku ile ile. Mwalimu alimpigia Barnaba, aliyekuwa amesharudi kazini mbali, spika ikiwa wazi nami nikisikia. "Mama, palikuwa na mabishano, hilo nakumbuka," alisema. "Mwisho tuliandika ngapi sina uhakika, nisikudanganye. Si ipo kwenye karatasi?" Kilichobaki ni neno langu, na tayari watu walikuwa wanasema mwamuzi na mpigaji wanakula sahani moja, jambo ambalo kwa Mama Sikujua lilikuwa kweli kabisa.

Kikao cha kamati kilipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ijumaa mchana nilifunga mlango wa chumba changu Kiseke nikaitengeneza upya ile karatasi. Siyo ile safi. Niliitengeneza ile chafu. Nilikumbuka kila namba, na nikakumbuka wino wa Barnaba ulikuwa mweusi. Niliandika nane, nikaikata, nikaandika tisa. Nililowesha karatasi nikaianika dirishani. Nilichukua udongo kwenye soli ya kiatu changu cha Buhongwa nikaupaka kwa kidole. Nikatia sahihi ya Barnaba, niliyokuwa nimeiona mara nyingi siku ile, halafu nikaijaribu ya Kulwa kwenye gazeti, mara ishirini, mara thelathini, mpaka nikaipata, ndipo nikaiweka. Sikuhisi kwamba naiba. Tisa ilikuwa kweli, niliiona kwa macho yangu. Nilijiambia narudisha tu kitu mahali pake. Na nitakiri na hili, kwa kuwa ndilo linalonitisha: nilifurahia kazi ile. Ilipokauka niliinyanyua kwenye mwanga nikaona ni nzuri.

Tulikuwa watano ofisini Jumamosi: Mwalimu, wajumbe wawili wa kamati, Kocha Sadala na mimi nikiandika kumbukumbu. Madirisha wazi, mashine za fundi zikigonga upande wa pili, paka mmoja mbele ya magunia. Nikaiweka karatasi mezani. Kocha Sadala akaisogeza, akaitazama kwa muda, akasema, "Mimi naona nane imekatwa, tisa ipo, sahihi zipo. Kama mwenyewe anaikubali, mimi nitaridhika." Mwalimu akamtuma fundi amwite Kulwa karakana. Alikuja na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, ovaroli linanuka moshi, akasalimia wote, shikamoo Mwalimu, shikamoo Kocha, na akanikonyeza mimi. Alijua alikuja kuthibitisha jambo dogo. Zile picha za pasipoti zilikuwa mfukoni, niliiona kona nyeupe.

"Kulwa," alisema Mwalimu, "hii sahihi ni yako?"

Aliinama kama alivyokuwa akiinamia shabaha, mikono nyuma, bila kugusa. Nje Mama Sikujua alikuwa anamgombeza mteja kuhusu sahani. Kisha Kulwa alininyanyulia macho, mara moja, nikajua kwamba ameshaona. Sahihi yangu ilikuwa imekaa ndani ya kisanduku. Niliiga kila kona ya vurugu ile, nikaichafua, nikaitetemesha, lakini mkono wangu haukuweza kuvuka mstari. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na lilikuwa neno la kuelekea kwenye ukweli, tisa ilikuwa yake. Nilimwomba kwa macho aseme.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Hii si yangu. Yangu huwa haienei ndani ya kisanduku."

Mwalimu Minza hakunitazama. Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, akainusa. Kisha akauliza, kama anayeuliza saa, "Katibu, ile ya uwanjani iko wapi?" Nikasema nilimpa Mama Sikujua. "Ya kufanyia nini?" Nikasema ya kuwashia jiko. Mjumbe mmoja akaanza kucheka, akaacha. Uamuzi haukuchukua muda. Alama isiyo na karatasi haiwezi kusimama. Kilichokubaliwa na pande zote ni kwamba mwandishi alisema nane. Kijana wa Tabora akapita. Kocha Sadala hakushangilia. Alimpa Kulwa mkono akautikisa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nami niliandika yote hayo kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko uleule.

Nilimkuta Kulwa nje, amekaa kwenye kigoda cha Mama Sikujua, miwani bado iko juu ya paji. Nikasimama mbele yake. Akasema, "Ungeniambia tu zimeungua."

"Ungefanyaje?"

"Ningekasirika. Basi." Akachora kitu chini kwa kidole cha mguu. "Tisa ilikuwa yangu, Editha. Niliiona, ukaiona. Sasa umeifanya ya uongo."

Mwalimu alitoka, akaniita pembeni. Nilisubiri anifukuze, na nilitaka anifukuze. Alisema, "Jumatatu uwahi. Kuna karatasi nyingi za kupanga kwenye mafaili, na sasa unajua kwa nini." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Jumatatu nilimwachia fundi cherehani ufunguo nikasema nimepata chuo, jambo ambalo lilikuja kuwa kweli miezi miwili baadaye. Sikurudi. Nimefanya kazi masjala miaka saba, na nasikia wenzangu wakinisifu kwamba Editha hatupi hata kipande cha karatasi. Wanadhani ni tabia njema.

Jumamosi nilikwenda Buhongwa. Gauni sikulipiga pasi. Sitaki kujisifu, umeme ulikatika. Kulwa amenenepa kidogo, ana mvi masikioni, ndiye kocha sasa. Alinikabidhi ubao wenye karatasi za alama na kalamu, akasema, "Umefika salama?" Nikasema, "Nimefika." Ile sentensi yangu haikuja. Badala yake nilisema, "Nilikuwepo nyumbani siku ya mazishi. Nilivaa kabisa. Niliogopa." Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika alama. "Haya," akasema. "Shabaha ya tatu ni yako." Upepo ulianza saa nane kama zamani. Zamu ya nne binti mmoja alitaja saba nikaandika sita, mawazo yalikuwa kwingine, na mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya ubao kutafuta karatasi nyingine. Zilikuwepo, safi, nyingi. Nilisimama nazo kidoleni mpaka binti akauliza, "Dada, kuna shida?" Nikaikata sita mstari mmoja, nikaandika saba, nikatia sahihi, naye akatia yake. Kulwa akaja kama mwamuzi akatia yake. Ilivuka kisanduku ikapita juu ya jina langu.

Baadaye tulizipeleka ofisini Mkuyuni. Mwenyekiti wa sasa yuko mkoa mwingine, lakini kabati la zamani halijahamishwa. Nikafungua faili la mwaka wetu nikitegemea pengo. Zilikuwepo zile nilizonakili, kumi na nane, nzuri kama kadi za harusi, na juu yao ile ya kumi na tisa, udongo wa soli yangu bado umeshika. Pembeni Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: Si ya uwanjani. Isitupwe.

"Kuna mtu alitaka kuitoa," alisema Kulwa nyuma yangu. "Mwalimu akakataa. Akasema Katibu atakuja kuipanga mwenyewe."

Niliirudisha ilipokuwa. Nikazitoboa karatasi za Jumamosi ile, tundu moja likaenda upande, nikaziweka kwenye faili lao. Kisha nikakunja kipande cha karatasi mara nne, nikakandamiza mlango wa kabati, ukafunga.